Uzito wa Kreti Tupu

Kazi yangu ni mzani. Matumbulu, msimu wa zabibu,
napima kreti, nataja namba, karani anaandika,
na kabla mwenye mzigo hajageuka natoa kilo mbili,
uzito wa kreti tupu. Hakuna mkulima anayebisha.
Kreti hailiki, haikamuliki.

Alfajiri, lori likiwa halijafika, napanda mwenyewe.
Mshale unatetemeka, unasita, unatulia:
sabini na nne.
Nimewahi kuwa hamsini na tisa. Ushahidi ni daftari
ambalo mchwa wamelila kuanzia Juni.
Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu.
Kwa wiki kilometa mia na kumi, Mpunguzi kwenda na kurudi,
Jumapili hadi chini ya Mlima Imagi,
upepo wa Julai ukinisagia vumbi jekundu menoni.
Kilometa kumi: dakika thelathini na tatu, sekunde nane.
Hizo nane bado zinaniuma.

Sasa nina arobaini na saba, na meza, na kiti chenye mto.

Mwezi wa tatu nikaanza kupatana bei na namba.
Uzito ukasikia. Nikapunguza ugali wa uwele, nikabakiza mlenda,
soda yangu nikamwambia Mama Chilongani ampe mwingine.
Sabini na moja.
Sitini na nane.
Kila kilo iliyotoka niliijua kwenye kilima,
kama mtu aliyeshuka nyuma ya baiskeli bila kuaga.

Kilometa nazo zikasikia. Thelathini, hamsini, sabini.
Nilipogusa themanini goti la kushoto likaumuka,
nikashuka ngazi za benki mjini kinyumenyume,
watu wakinipisha kama mgeni rasmi.
Zamani themanini ilikuwa wiki ya kupumzika.

Miaka ndiyo haisikii bei.
Nimelala mapema. Nimekunywa maji.
Goti nimelikanda kwa mafuta ya alizeti hadi shuka likanuka jikoni.
Ikafika tarehe saba, mwezi wa nane, ikaongeza mmoja
palepale, mbele yangu,
kama muuza duka anayejua duka la pili limefungwa.

Jumamosi Mheluka, mtoto wa dada yangu,
miaka kumi na tisa, mifupa na pumzi basi,
akaomba tukimbie wote. Alikuja na kandambili,
akazivua, akazishika mkononi.
Hana daftari. Hajapanda mzani tangu kliniki ya watoto.
Kilometa ya nne akaniuliza kama nimechoka,
akaliuliza swali zima bila kulikata.
Ya sita nikabaki na nyayo zake.
Nikazisoma: zimeachana mbali, visigino havionekani.
Ulikuwa mwandiko wangu.

Dakika arobaini na moja na nusu.
Nikakaa juu ya kreti iliyopinduliwa, nikilegeza kamba za viatu,
nikapiga hesabu ya kazini:
chukua jumla, toa kilichobeba.
Toa miaka. Yote ishirini na mitano iliyoingia katikati.
Kinachobaki si haba. Kinachobaki, ukitaka ukweli,
kinakaribia mno lile daftari la mchwa.
Nikatamani karani angekuwepo, aandike.

Mheluka akarudi na maji kwenye kopo.
"Mjomba, hiyo kreti imepasuka, itakubana."
Nikainuka nikaitazama. Ya bluu, jua limeichuna,
ubavu mmoja umeshonwa kwa waya, misimu mingapi sijui.
Siku zote naitoa,
kilo mbili, kilo mbili, kama kitu kisichokuwepo,
wala sijajiuliza hata mara moja
zabibu zingefikaje hapa zikiwa mikononi.

Kesho nimepanga kilometa nane.
Goti limesema sita.